Mti Wako wa Langoni

Jezzine, 3 Aprili

Dada Wadad, nuru ya macho,

Salamu nyingi. Hujambo huko, na baridi ya Montreal imekuachia vidole? Sisi wazima. Goti langu tu linalalamika, nalo lilianza tangu nikiwa shuleni.

Nina neno. Mti wako wa langoni umezaa. Mbegu zimeruka ukuta, zimeingia msituni kwa Baba, na pale zilipoota, miche ya misonobari inakufa kabla haijanifika gotini. Kiangazi kilichopita nilichukua shoka nikafyeka machipukizi yote, nikarudi nyumbani nikitembea kama jemadari. Leo kila kisiki kina watoto thelathini. Tena nilikata na mti wa sumaki, ule wa kiungo kichachu, kwa jirani Mama Ghattas, maana majani yanafanana. Sasa saladi yake haina uchachu, na mimi sina salamu.

Bwana misitu alicheka mpaka akakaa chini. "Huu haukatwi, Bwana Tannous! Ukiukata unauzalisha. Unautia chale kiangazi kikielekea kuisha, unaupaka dawa kwenye jeraha, unauacha ufe umesimama. Na uanze na mama yao."

Mama yao ni mti wako, na nusu ya msitu ni yako. Useme ndiyo, tafadhali.

Kaka yako,
Tannous


Montreal, 19 Mei

Kaka Tannous,

Shikamoo, na pole ya goti. Mimi sijambo.

Hapana. Tangu lini mti wa tini ukarusha mbegu ng'ambo ya ukuta? Umechanganya tena. Mtini ule niliupanda mwenyewe asubuhi ya kuondoka, teksi inapiga honi, Mama kashika mche, mimi nashindilia udongo kwa viatu vya safari. Miaka ishirini na sita, mpaka anafariki, kila barua aliniandikia umefikia wapi. Mazishi yake sikuyawahi. Nimebaki na mti huo. Mtu asiyeujua hata mti wa sumaki asiusogelee na dawa.

Dada yako,
Wadad


Jezzine, 14 Julai

Wadad, dada yangu,

Natumai u mzima na hasira zimepoa, maana nakuletea nyingine. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya mwezi.

Machipukizi yamefika kwenye misonobari mikubwa ya Babu. Chini yake sijaona mche hata mmoja wa mwaka huu. Naingia msituni, natazama, narudi, naenda tena, kama mtu aliyesahau kitu. Misonobari hii ikizeeka bila watoto, msitu wa Baba umekwisha.

Sikuchanganya. Mtini wako uliishi wiki tatu. Niliacha lango wazi, mbuzi wangu akaula mpaka mzizi. Mama alilia, akaona ni nuksi kwa aliye safarini. Akaniambia, "Tia kitu humo shimoni, chochote kinachokua upesi, nipate la kumwandikia." Nikang'oa chipukizi kando ya barabara. Kwa hiyo mvamizi huyu nilimkaribisha mimi, nikamnywesha na maji.

Nilipaswa kukuambia mwezi wa nne. Niliogopa. Mwanamume wa miaka hamsini na nne, anamwogopa dada aliye ng'ambo ya bahari!

Kaka yako,
Tannous


Montreal, 27 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Uzima upo.

Nilizitoa barua zote za Mama, nikazisoma tangu ya kwanza. "Mti wako umenifika begani." "Mti wako umepita paa." Hakuna mahali alipoandika mtini, wala hakutaja tini hata moja. Hakunidanganya, mama yule. Alichagua maneno tu, nami miaka yote sikuuliza kwa nini haupati matunda. Nililia jikoni, kisha nikacheka: mtini gani unapita paa la nyumba yetu?

Utie chale. Anza na wa langoni, kabla majani hayajageuka rangi. Na shoka mpe Mama Ghattas akutunzie, labda atakusamehe.

Kisha panda kitu pale langoni, nami nijue ni nini. Na kikifa, niandikie kwamba kimekufa.

Dada yako,
Wadad