Mkono wa Kushoto

Bahi, Jumanne

Eti nichague njia ya uzazi wa mpango inayonifaa mimi. Nesi wa zahanati alizipanga zote mezani kama bidhaa za mnadani, akasema, "Mama Neema, chagua kwa uhuru." Uhuru upi? Daktari alishaniambia mimba nyingine itaniua.

Vidonge haviwezekani, mama mkwe ndiye anayefagia chumba changu. Sindano nilishachoma, damu ikatoka mfululizo hadi nikashindwa kuingia jarubani kupanda mpunga. Kitanzi kingenifaa, lakini wa kukiweka yuko Dodoma mjini, na nauli lazima nimwombe Baba Neema. Nimwambie nafuata nini huko?

Kikabaki kijiti, kile cha chini ya ngozi ya mkono. Nilishapandisha mkono wa gauni nilipomkumbuka mke wa shemeji yangu. Mumewe alikipapasa chake usiku, asubuhi akamrudisha kwao.

Nikashusha gauni, nikaondoka.

Jioni Baba Neema alinitua ndoo ya maji. Hajawahi. Kisha akanishika mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, akauminya taratibu kama anayenunua mbuzi.

Hakukuta kitu. Akatabasamu.

Na kweli hakuna kitu. Sasa ananiita tukalale.