Mikorosho Mia Moja Arobaini na Mitatu

Baba,

Jana tulimaliza misa yako ya arobaini. Wali ulitosha, nyama ilitosha, na ndugu wa Ruangwa walikula kama watu wasio na msiba. Mama ameketi uani kidogo, mara ya kwanza tangu tukuzike, ingawa nguo zako bado hataki ziguswe. Nilidhani ningekuandikia habari za namna hiyo tu, za nguo, na za mbuzi wako mweusi aliyezaa mapacha. Lakini Fidelis ameniharibia barua.

Fidelis wako, mtoto wa shangazi, wa Malolo. Wageni walipoanza kuaga alisimama, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Eti ulimwachia nusu ya shamba letu la Marambo, kwa kuwa kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. "Mikorosho mia moja arobaini na minne. Sabini na miwili kwa Anjela, sabini na miwili kwa Fidelis." Chini yake, dole gumba lako.

Dole ni lako kweli. Nililijua kwa lile kovu la panga. Nani alikushika mkono wiki ile ulipokuwa hujitambui, sijui, Mungu anamjua. Mama aliinamisha kichwa. Wazee wakaguna kwamba mila ni mila. Nami nilitaka kunyamaza, Baba, maana mtoto wa kike akibishana kwenye arobaini ya baba yake ataitwa majina mpaka achoke. Kisha ile namba ikanirudia. Na minne?

Nilikuwa darasa la nne siku uliponikalisha mkekani, nimerudi shule nalia kwa sababu ya kuzidisha. Mwalimu alitaka tukariri: shufwa kwa shufwa ni shufwa, shufwa kwa witiri ni shufwa, witiri kwa witiri ni witiri. Wewe hukukariri kitu. Ulimwaga korosho, ukazipanga kama shamba letu, mistari kumi na mmoja, kila mstari korosho kumi na tatu. "Oanisha mistari," ukasema. Nikapata jozi tano, mstari mmoja ukabaki. "Sasa oanisha zilizomo kwenye huo uliobaki." Jozi sita, na korosho moja ikabaki. Ukaiweka kiganjani mwangu. "Huyu hana mwenzake, mama. Na hatampata, hata upange vipi."

Ndipo uliponiambia kwamba ulipanda hivyo makusudi. Shamba la babu lilikuwa la shufwa, na wapwa zake walilikata nusu kabla udongo wa kaburi haujakauka, wakaliita hilo haki kwa kuwa pande zote zilikuwa sawa. "Langu likigawanywa, lazima mtu abebe aibu ya kuchukua zaidi." Mtu aliyesema hivyo atie dole kwenye mia moja arobaini na minne? Labda baba wa mwingine.

Nikasimama. Nikamwambia mwenyekiti twende shambani sote, Fidelis atangulie. Sikutaka kuhesabu mpaka mia, wangechanganyikiwa na Fidelis angewachanganya zaidi. Nilichukua wazee wawili, kila mmoja mstari wake, watembee sambamba wakigusa miti. Wakamaliza pamoja. Mistari miwili mingine, wakamaliza pamoja. Mara tano. Ule wa kumi na moja nikawaambia waanzie kila mmoja mwisho wake, waje wakutane. Walikutana kwenye mti mmoja, mikono yao yote kwenye shina lilelile, wakatazamana. Njia ya mwongo ni fupi, Baba, ya Fidelis ilikuwa mistari kumi na mmoja tu.

Unajua alisema nini? "Basi huo ukatwe, hesabu ikae sawa, tugawane." Wazee walewale wa mila ni mila wakacheka. Mimi sikucheka. Niliuegemea mti nikamwambia alete panga. Hakuleta.

Gome bado linanuka salfa uliyoipuliza mwenyewe msimu uliopita. Hapo nikakukasirikia na wewe. Ungengoja mavuno walau. Nimekukumbuka mpaka mbavu zinauma, na sikupenda kulijua hilo mbele ya watu.

Mwenyekiti ameikataa karatasi. Fidelis anasema atakwenda baraza la kata. Aende, nitamkuta huko, na wazee wangu wawili nitawabeba hata kwa bodaboda. Najua hesabu haimzuii mwizi. Akipewa nguvu, atachukua sabini na miwili aniachie sabini na mmoja. Lakini atachukua kwa jina lake, kila mtu akimwona, si kwa dole la mtu aliyekuwa anakata roho. Na mimi sitasema asante, wala sitahama.

Lala sasa, Baba. Mama nitamtunza, akiwa tayari nguo zako tutazikunja wote wawili. Mvua za kwanza zikinyesha nalipanua shamba kuelekea bondeni, miche nimeshaagiza. Fidelis amekwishauliza watu kama naongeza mstari. Mmoja ungefanya iwe mistari kumi na miwili, na hiyo inakatika katikati vizuri sana.

Napanda miwili.

Mwanao,
Anjela