Mayai ya Washenga

Jumamosi, 14 Agosti 1993

Leo naandika yote, hata ya aibu.

Mama alisema wanakuja wageni, nitengeneze mayai tuliyofundishwa kwenye Sayansi Kimu. Niliyachemsha, nikayakata nusu, nikaponda viini kwa mayonezi na pilipili manga, nikavirudisha. Mengine nilitia karoti iliyokunwa. Nilijisifu moyoni.

Kufika sebuleni na sahani, nikakuta ni washenga. Nipo kidato cha tatu tu, na nataka kumaliza shule.

"Kapika mwenyewe," Baba aliwaambia.

Mzee mmoja akachukua kipande, akacheka. "Na huko jikoni kajiwekea mangapi?"

"Hata moja," Bibi akajibu. "Kwetu msichana hali mayai. Anayekula hafai kuolewa."

Baba alikaa karibu na mlango. Sikuwa na pa kupita. Nikachukua kipande cha yai chenye karoti, nikakila chote mbele yao, taratibu. Kilikuwa kitamu.

Mzee akarudisha chake sahanini. Wameondoka bila kutaja siku ya kurudi.

Kesho asubuhi Baba anawafuata kwao Mtinko kuomba radhi. Jikoni vimebaki vipande saba.

Shajara, nijibu kabla hajatoka: kimoja kinatosha kunifanya nisifae?