Kikohozi cha Wifi Laurencia

Karatu,
4 Mei 2024

Wifi Laurencia,

Salaam kutoka Karatu. Sisi wazima. Mvua imeharibu njia ya dukani lakini mbaazi zimesimama vizuri. Hali yako siiulizi, maana nilipokupigia Jumapili ulinijibu kwa kikohozi tangu mwanzo mpaka salio likaisha. Ndiyo sababu naandika. Kwenye barua huwezi kunikoholea, wala huwezi kunikatia simu.

Jirani yako Rahel alipita hapa dukani kununua mbegu, akanieleza yote. Tangawizi na asali. Kitunguu cha kuchemsha. Kujifukiza chini ya blanketi mpaka unatoka umelowa kama nguo ya kuanika. Laurencia, wewe umezungukwa na mashamba ya vitunguu pande zote. Kama kitunguu kingetibu kikohozi, Mang'ola nzima asingekohoa mtu.

Sina ugomvi na tangawizi, nainywa. Ugomvi wangu ni na hilo neno lenu, "ngoja kwanza." Ngoja kwanza tujaribu majani. Ngoja kwanza vitunguu vitoke shambani. Kikohozi kikizidi wiki mbili unakwenda kupimwa makohozi, na wewe unacho tangu Februari. Kaka Benson naye alisema ngoja kwanza kuhusu presha yake, na wote wawili tunajua tulimwokota wapi. Nimemzika kaka. Sitaki kumzika na mkewe.

Njoo upimwe. Kitanda kipo.

Wifi yako,
Bibiana


Mang'ola,
26 Mei 2024

Wifi Bibiana mpendwa,

Habari za huko, na za duka, na za hizo mbaazi? Barua yako ilifika kwa mkono wa dereva wa fuso. Nimeisoma polepole kwa sababu ilikuwa inanifokea.

Nikwambie mwenyewe, uache kuyasikia kwa Rahel. Kikohozi ni kikavu, hakitoi kitu. Koo linawasha kama nimemeza makapi, kisha nakohoa mpaka machozi. Kwenye kwaya walinisogeza mwisho wa benchi, baadaye nikajikuta benchi la nyuma peke yangu. Hakuna aliyetamka TB. Hawakuhitaji kutamka. Hicho ndicho kimenizuia kuja kupima, si vitunguu. Niliogopa kurudi na jina la ugonjwa, nikawapa cha kusema.

Sasa sikiliza. Kwenye gulio kuna Tobiko, Mmasai wa Piyaya anayeuza mizizi. Nilimkuta anamfukuza mtu aliyevunjika mguu, anamwambia, "Mimi si mtu wa mifupa, nenda hospitali." Nikamwamini hapohapo. Alinisikiliza nikikohoa, akanipa mzizi wa kuchemsha kwenye supu, na sharti moja: "Mama, dawa zote za hospitali weka pembeni. Hizi mbili zikikutana tumboni zinapigana."

Nikaweka pembeni. Mwanzoni sikuona tofauti. Halafu kikohozi kikaanza kushuka, na leo nimeimba ubeti mzima bila kukatika. Hao wasomi wako waje wanieleze hilo.

Wifi yako,
Laurencia


Karatu,
1 Juni 2024

Laurencia,

Salamu zipo, zinakuja mwisho.

Umesema dawa zote za hospitali. Zote zipi? Wewe una dawa moja tu ya hospitali, vidonge vya presha ulivyoandikiwa Januari, ulipokwenda Singida kumwona mwanao Clemensi. Umeviacha hivyo?

Kuhusu mzizi sitabishana, huenda unatibu. Lakini mtu anayekuuzia kitu chake na kukukataza cha mwenzake, huyo yuko kwenye biashara. Mimi ni mfanyabiashara, nawajua wenzangu. Na unaniletea ubeti wa wimbo kama ushahidi? Kikohozi unakisikia, ndiyo maana unakiogopa. Presha haikohoi wala haiwashi koo. Inakaa nawe mezani mnakula pamoja. Kaka alikuwa anacheka asubuhi ile, Laurencia. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba alikuwa anacheka.

Nenda ukapimwe presha leo. Kisha uninunie upendavyo.

Salamu sasa: za nyumba nzima, na za ng'ombe pia.

Wifi yako mwenye hasira,
Bibiana


Mang'ola,
14 Julai 2024

Wifi Bibiana,

Natumaini hamjambo wote. Nisamehe kwa kimya. Nilifuata ushauri wako, nikakununia.

Nilipomaliza kununa nilikwenda kupima. Muuguzi alinipima, akarudia, kisha akaniuliza nimekuja na nani. Hapo ndipo nilipoogopa. Jioni ileile nikarudia vidonge vya presha.

Wifi, kikohozi kimerudi. Kimerudi chote, na mbavu zinauma. Nilikwenda kumlalamikia Tobiko, akaniuliza, "Umechanganya?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usinilaumu mimi, mama. Nilikwambia zinapigana."

Sasa niko katikati. Nikiushika mzizi peke yake nitaanguka kama Benson. Nikivishika vidonge nakohoa mpaka watoto wa Rahel wanaamka wanalia, na kanisani sikanyagi tena. Wewe unayejua kila kitu, niambie mtu anachaguaje hapo.

Usijibu. Nakuja Alhamisi. Nakuja na mzizi wangu kwenye mkoba, na nina sharti: mbele ya daktari utafunga mdomo.

Wifi yako,
Laurencia


Karatu,
27 Julai 2024

Wifi Laurencia,

Umefikaje huko? Vumbi lilikuachia nafasi ya kupumua? Sisi wazima, kitanda ulichokiacha kinaonekana kikubwa.

Naandika yaliyotokea kwa daktari yabaki kwenye karatasi, maana nakujua, huko Mang'ola utayatia chumvi. Kwanza, ni kweli nilinyamaza. Sikunyamaza kwa sharti lako.

Makohozi safi, hakuna TB. Picha ya kifua safi. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimwulize yule kijana Dokta Inosenti, sasa ninyi mmesomea nini, ndipo aliposema, "Mama, toa kila unachokunywa, uweke hapa mezani." Ukaanza na mzizi, makusudi, huku unaniangalia mimi. Kisha vidonge. Mzizi aliunusa akauweka kando. Vidonge akavishika.

"Kikohozi kilianza lini?"

"Februari."

"Na hivi ulianza lini?"

"Januari."

"Umewahi kuviacha?"

Ukasema ndiyo, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. Akauliza kikohozi kilifanyaje. Hapo, wifi, niliona uso wako ukibadilika kabla mdomo haujafunguka.

"Kiliisha," ukasema. "Nikajua ni mzizi."

Akasema, "Vidonge vya aina hii, kwa baadhi ya watu, vinaleta kikohozi kikavu. Jambo linajulikana. Aliyekupa alitakiwa akwambie. Presha yako lazima itibiwe, lakini kuna dawa nyingine isiyokohoza."

Mimi niliyekwenda kuitetea hospitali nikabaki natazama viatu vyangu. Na ulinikanyaga chini ya meza, usikatae.

Usidhani nimeshindwa. Tobiko alikuondolea kikohozi bila kujua amekiondoaje, na presha ingekuua mikononi mwake akiwa anapokea shukrani. Waliokuandikia vidonge walijua presha, wakakupa pakiti, wakaita mgonjwa mwingine. Nao nina maneno yao, nitayapeleka nitakapofika Singida. Halafu kuna mimi. Kutwa nzima hapa dukani nawafokea wakulima wasome maandishi kwenye kopo la dawa ya wadudu kabla ya kupuliza. Wewe nilikufokea unywe vidonge, na sikuwahi kukuuliza ni vidonge gani. Hilo nalimeza, na ni chungu kuliko huo mzizi wako.

Dokta alisema kikohozi hakitaondoka mara moja, kinaweza kuvuta wiki kadhaa. Usikate tamaa ukaacha dawa mpya. Mzizi uache kwanza mpaka akuone tena. Ndiyo, nimeandika "kwanza." Cheka.

Wifi yako,
Bibiana


Mang'ola,
25 Agosti 2024

Wifi wangu Bibiana,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi nimepimwa presha, imeshuka, na safari hii muuguzi hakuuliza nimekuja na nani.

Tobiko nimemweleza. Akasema, "Kwa hiyo mzizi wangu ulikuwa wa kunogesha supu?" Nikamwambia supu ilinoga kweli. Hakufurahi. Ila jana nimemsikia anamwuliza mteja anakunywa vidonge gani vya hospitali, na alipoambiwa ni vya presha akamwambia asiviache, aende akaulize. Usimwandikie kumpongeza, utamharibu.

Kikohozi kilichelewa kuondoka, kama alivyosema Dokta. Kilipungua mchana, usiku kikang'ang'ania. Nilianza kukata tamaa, sikukwambia kwa kuogopa barua yako.

Jumanne asubuhi nikasikia mlango unapigwa kama unataka kung'olewa. Nikafungua nimejifunga kanga. Alikuwa Rahel, na nyuma yake mumewe ameshika shoka. Walinitazama. Kisha Rahel akakaa hapo mlangoni akaanza kulia.

Anasema tangu Februari analala akinisikia kupitia ukutani. Usiku huo hakusikia hata mara moja, na kulipokucha aliniita dirishani nisiitike. Akajua ndiyo basi.

Nilikuwa nimelala, wifi. Jua limeshapanda, nami nimelala.

Wifi yako,
Laurencia