Taxibus ya Kukula Mawese

Butembo, 4/6/2001

Yaya Safi,

Kaa chini kwanza. Mwenye kukusalimia leo ndiye shofere mwenye akili kupita bote, tangu Butembo mpaka mwisho wa dunia. Unaamuka muzuri? Shemeji Jamali? Batoto?

Tangu vita ilifunga barabara ya mupaka wa Kasindi, mafuta ya mazout inapatikana kidogo tena ni muchafu, na taxibus zote za parking zinatoa moshi mweusi kama matako ya sufuria. Mama anauzisha mandazi pale pale, anakohola. Wewe unasema aje kukaa kwako Beni. Acha! Nimechanganya mazout nusu, mawese nusu, asubuhi naweka makala ya moto kidogo chini ya moteur, inaitika! Moshi inakuwa mweupe, inanuka mandazi, batu banashuka na njaa, banaenda moja kwa moja kwa mama. Tuma bidon mbili za mawese yako.

Mudogo wako,
Jumaine, ingénieur

Beni, Mulekera, 13/6/2001

Mudogo wangu Jumaine,

Salamu toka kwa bote. Tuko bazima, ni jua tu inatuchoma. Bidon mbili hizi, nilichuja mara tatu na kitambaa. Lakini shemeji yako anasema: huku ni joto, kwenu kule mawese inaganda. Kila mangaribi, mbele ya kuzima moteur, tembeza gari kidogo na mazout tupu, ili mawese isilale ndani ya mipira ya kupitisha mafuta. Umesikia, ingénieur? Na mama anaendelea aje? Uniambie kweli.

Yaya yako,
Safi

Butembo, 29/6/2001

Yaya,

Salamu, na salamu ya pekee kwa shemeji, professeur wa kuganda! Mama amemaliza siku kumi hakohole. Anaimba hata. Bashofere batatu, Zorobabel mbele yao, banafanya sawa mimi, bananiita maître, mwalimu wao. Ile mazout ya mangaribi nimebaambia baache, ni woga ya batu ba Beni. Tuma bidon zingine ine.

Mudogo wako,
Maître Jumaine

Beni, 2/8/2001

Jumaine,

Salamu. Nilituma bidon ine, hakuna jibu, mwezi muzima. Jana Précieuse, jirani yetu, amerudi toka Butembo. Anasema parking ni moshi kama zamani, na mama hata salamu yangu alikatala kupokea. Kuna nini? Kama anakohola, umupandishe ndani ya camion ya Jamali Jumamosi hii. Kitanda chake kiko tayari.

Yaya yako,
Safi

Butembo, 9/8/2001

Yaya Safi,

Salamu mingi. Leo sina titre, wala ingénieur wala maître.

Mvua ilinyesha siku mbili, na asubuhi mawese ilikuwa imeganda kama sabuni ndani ya mipira ya gari zote ine. Tulizisukuma kwenye barabara ya Rughenda, hata moja haikuitika. Zorobabel anasema: «Maître, usisukume na mikono, sukuma na akili!» Batu bakacheka. Bashofere bamerudilia mazout yao tupu. Ile ingetengenezeka, kusafisha mipira ilikuwa kazi ya siku moja.

Lakini mbele ya batu bote nilisema kosa ni ya mawese, eti wewe ulitia maji. Mama alikuwa pale na sahani yake ya mandazi. Jumamosi camion ilikuja, akakatala kupanda. Anasema hawezi kulala kwa mutoto mwenye kudanganya ndugu yake. Anakohola kupita zamani. Na mimi bado sijamuambia ni nani alidanganya.

Mudogo wako,
Jumaine