Medali za Jubile ya Vulamba

Papa,

Kaburi lako liko Oicha, na barabara ilifungwa nyuma yetu tulipotoka kukuzika. Hata ua moja sijakuletea. Basi nakuandikia, maana kesho nitakutukana mbele ya watu, na sitaki uyasikie kwa mwingine.

Ile modeli ya medali uliyochonga kwa jubile ya jumuiya yetu hapa Vulamba, jembe juu ya mafiga matatu, ulikuwa unaitazama kama mtu aliyepata mjukuu. Nilitaka kuimiminia shaba vilevile ulivyoiacha. Lakini komanda wa waasi walioushika mji alikuja karakanani, akaizungusha mkononi. "Mama, tia bunduki juu ya jembe. Ni nani anabachungaka, anabalinda usiku na mchana? Si ni sisi?" Mama Kavira, mkuu wa komite ya jubile, akaangalia chini. "Fanya tu, Masika. Donc, basi, tutakimbilia wapi?"

Kweli, wapi? Njia ya Beni ina kizuizi chao, ya Manguredjipa ina waasi wengine. Siku hizi hata pumzi naivuta kwa ruhusa.

Nikachonga bunduki, Papa. Lakini niliichonga nyembamba.

Ulinigombeza mara ngapi? "Masika, shaba haingojeaka mutu!" Ikipoa kidogo kabla ya kumiminwa, haiingii penye wembamba wa kalibu. Ni kosa la kila mwanafunzi, na mimi ulinirudisha kwenye mchanga wa kalibu hadi nikalia. Medali ya komanda niliimimina shaba ikiwa moto kabisa. Bunduki ikatoka mpaka na kifyatulio. Za watu wetu, shaba niliingojesha. Nilikaa na koleo mkononi nikiangalia wekundu unafifia. Jembe likatoka, mafiga yakatoka. Bunduki haikutoka. Pale juu ya jembe ni laini tu.

Jumapili, kanisani, watu walipopewa medali walipitisha kidole pale juu ya jembe. Mama Kavira alilia. Nilijivuna, sikufichi.

Leo askari mmoja ameona kwamba bunduki haipo. Kesho nimeitwa kwa komanda. Mama Kavira amekuja mbio: "Sema haujue kazi. Sema papa yako hakukufundisha muzuri. Uko na batoto, Masika!"

Nimekasirika, Papa. Wewe! Kama hukunifundisha vizuri, ningejuaje kuharibu namna ile? Lakini nitasema. Nitasimama mbele yao na mbele ya komite nzima, niseme papa yangu hakujua kufundisha. Mlango mwingine sina. Usinigeuzie mgongo huko uliko.

Pumzika, Papa. Medali moja niliyokutengea nimeifukia jikoni, chini ya figa. Siku barabara ikifunguka nitaileta Oicha, nikae kando yako, nikuambie kwa sauti hata wapita njia wasikie: shaba niliingojesha makusudi.

Mtoto wako,
Masika