Hadithi za Mama Anazo Mke Wangu

Mshauri wetu Bi. Rahma, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaibomoa nyumba yangu kwa mikono yangu, mimi ni mkulima wa karoti huku Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya pwani, na mke wangu Efrazia kila Jumamosi yuko kwenye redio ya huku mlimani na Mwalimu Heri wa baiolojia, Efrazia anasimulia hadithi za wanyama kama wazee wa Kishambaa walivyozisimulia, mwalimu anaeleza wataalamu wamegundua nini, na watu wanapiga simu kumsifu mke wangu mpaka nasikia moto kifuani. Juzi ilikuwa zamu ya kinyonga, Efrazia akasema marehemu mama mkwe wake alimweleza kwamba jicho moja la kinyonga huwatazama waliotangulia na jingine hututazama sisi, mwalimu akadakia kwamba ni kweli kila jicho huzunguka kivyake, tena dume akimwona dume mwenzake hung'aa rangi na akishindwa hufifia, wakacheka wote wawili, na mimi niko mtoni naosha karoti na wenzangu tukisikiliza redio, mmoja wao, Zabron, akanigeukia akasema, "Baba Janeth, mbona na wewe umebadilika rangi?"

Nilirudi nyumbani nikamwambia Efrazia redio basi, na ile safari ya Vuga aliyopanga na huyo Heri kwenda kuwasimulia wanafunzi aisahau. Akanijibu, "Haya, baba Janeth." Tangu hapo hasimulii kitu, hata watoto wakimwomba anawaambia wakalale, nyumba imepoa na wivu haujaondoka. Kinachoniuma zaidi, yule ni mama yangu mimi, na hadithi hiyo ya kinyonga sijawahi kuisikia. Nimruhusu au nikaze?

Baba Janeth, Malindi

*

Marahaba, Baba Janeth. Pole kwa moto wa kifuani, ila Mwalimu Heri mwache, unamsingizia bure. Kinachokuuma umekiandika mwenyewe, ukakificha mwishoni. Unamwonea wivu mkeo kwa sababu ya mama yako.

Sasa niambie, mama alipokuwa akisimulia ulikuwa wapi? Nitakujibia. Efrazia alikaa jikoni na mkwewe wakichambua maharage, wewe ukachungulia mlangoni kuuliza kama chakula kimeiva, ukaenda zako kijiweni. Hakuna aliyekunyima. Na usimkasirikie kinyonga, yeye huwaka rangi akimwona dume mwenzake mbele yake, wewe umewaka kwa sauti ya redio.

Tazama ulichofanya. Ulidhani umemfunga mdomo Heri, kumbe umemfunga mama yako, maana siku hizi anasikika kwa mdomo wa Efrazia tu. Wajukuu zake wanalala bila kumsikia.

Leo ukitoka shamba kijiweni usipite. Vuta kigoda, kaa jikoni, shika ungo wa maharage uchambue. Mwombe mkeo radhi bila kuzunguka, mwambie Vuga aende, tena mzigo utambebea wewe mpaka stendi. Kisha mwombe akusimulie ya kinyonga kwa Kishambaa, vilevile mama alivyoisema. Machozi yakija yaache yatoke.

Na safari hii usiulize chakula.